Mafunzo ya awali ya ufundi wa viwandani katika Kigombe na Mkoa wa Tanga

Mafunzo ya awali ya ufundi wa viwandani ni mafunzo yanayomwandaa mtu asiye na ujuzi rasmi ili aweze kuanza kazi katika kiwanda, karakana au sehemu nyingine ya uzalishaji. Mwanafunzi hujifunza kupima, kusoma michoro, kutumia zana za mkono, kuendesha mashine na kuitunza, pamoja na kufanya kazi bila kujidhuru wala kuwadhuru wenzake. Katika Tanzania mafunzo hayo yako katika ngazi ya kwanza ya ufundi stadi. Mtu anaweza kuyapata chuoni, kazini chini ya fundi mzoefu, au kwa kuunganisha njia hizo mbili.

Makala hii inahusu mafunzo hayo katika pwani ya Tanga, hasa Kigombe, kata ya Wilaya ya Muheza ambako kilimo cha mkonge kimekaa pamoja na uvuvi kwa muda mrefu. Katika eneo hilo watu wengi wamejifunza mashine kwa kufanya kazi nazo kuliko kwa kukaa darasani. Kwa sababu hiyo, namna ya kuthibitisha ujuzi wa mtu asiye na cheti ni suala muhimu kwa wakazi wake.

## Mahali

Kigombe iko kwenye ufuko wa Bahari ya Hindi, kando ya barabara inayotoka jiji la Tanga kuelekea Pangani. Upande wa mashariki kuna bahari, ambako wakazi huvua kwa ngalawa na mashua. Eneo hilo la bahari limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009. Upande wa bara kuna minazi, mashamba ya chakula na mashamba makubwa ya mkonge.

Kwa hiyo kijana wa Kigombe hukutana na aina mbili za ufundi tangu utotoni. Ya kwanza ni ufundi wa vyombo vya bahari, unaotumia tezo, msumeno, keekee na kalafati. Ya pili ni ufundi wa kiwanda cha mkonge, wenye injini, mikanda, shafti, beringi na mashine za kufunga marobota. Aina ya kwanza hurithishwa ndani ya familia au kwa mwalimu mmoja. Ya pili ililetwa na uchumi wa mashamba makubwa, na ndiyo inayokaribiana zaidi na masomo ya vyuo vya ufundi vya leo.

## Historia

### Uanagenzi wa pwani

Kabla ya ukoloni pwani ya Waswahili ilikuwa na mafundi wa mashua, waashi, wahunzi, masonara, wafumaji na wachongaji wa milango. Ufundi ulifundishwa kwa uanagenzi. Kijana alikaa na fundi, akaanza kwa kazi ndogo kama kubeba mbao, kunoa zana na kusafisha mahali pa kazi, kisha akaruhusiwa kushika kazi yenyewe hatua kwa hatua. Hapakuwa na mtihani wa maandishi. Ushahidi wa ujuzi wake ulikuwa kazi inayoonekana: mashua iliyoelea bila kuvuja, au mlango uliofunga vizuri.

Njia hiyo haijatoweka. Gereji za mitaani, karakana za kuchomelea vyuma na sehemu za kutengenezea mashua bado hupokea vijana kwa utaratibu unaofanana na huo.

### Wakati wa Wajerumani

Tanga ilikuwa moja ya vituo vya kwanza vya elimu ya serikali katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Shule ya serikali ilianzishwa mjini humo katika mwanzo wa miaka ya 1890, na baadaye ilikuwa na mafunzo ya kazi za mikono. Wanafunzi walijifunza pia uchapaji, na gazeti la Kiswahili la *Kiongozi*, lililoanza mwaka 1904, lilitolewa na shule hiyo. Kazi ya karakana ya uchapaji ilikuwa mafunzo na uzalishaji kwa wakati mmoja: mwanafunzi alijifunza kupanga herufi na kuendesha mashine kwa kutoa bidhaa iliyosomwa na watu.

Wakati huohuo uchumi mpya ulianza kuhitaji watu wanaojua mashine. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893 na reli ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1893 pia miche ya mkonge iliyoagizwa na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf kutoka Florida kupitia Hamburg ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ilifika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache zao la mkonge lilienea katika pwani na katika bonde la mto Pangani. Kufikia mwaka 1913 koloni lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa kwa mwaka.

Tofauti na nazi au mtama, jani la mkonge haliwezi kuuzwa mbali likiwa bichi. Linapaswa kupita kwenye mashine mapema baada ya kukatwa, karibu na shamba lenyewe. Kwa hiyo kila shamba kubwa lilihitaji kiwanda chake, na kila kiwanda kilihitaji mafundi wa kukitunza.

### Wakati wa Waingereza

Chini ya utawala wa Uingereza mkonge ulikuwa zao kuu la biashara la Tanganyika. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka mikoa ya mbali kwa mikataba, nao waliitwa *manamba* kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Wengi wao walikuwa wakata mkonge. Wachache walioingia kiwandani walijifunza kazi hapohapo kwa kumtazama aliyetangulia.

Shule rasmi za ufundi zilikuwa chache. Shule ya ufundi ya Ifunda katika nyanda za juu za kusini ilifunguliwa mwaka 1951, na ya Moshi mwaka 1957. Mwaka huo pia ilianzishwa taasisi ya ufundi ya Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa ndogo kulinganisha na idadi ya vijana waliokuwa wakifanya kazi mashambani na viwandani.

### Baada ya uhuru

Uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000. Baada ya hapo bei ilianguka kutokana na ushindani wa kamba za plastiki. Mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa umeshuka chini ya tani 25,000, na mashamba mengi ya serikali yakabinafsishwa. Kuporomoka huko kulikuwa pia pigo kwa mafunzo: kiwanda kilipofungwa, mahali ambapo vijana wa jirani wangejifunzia mashine palifungwa pia.

Kwa upande mwingine, serikali ilijenga viwanda vipya katika mji wa Tanga, vikiwemo vya mbolea, chuma, sabuni na mbao. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kilianza kazi mwaka 1980. Shule ya Sekondari ya Ufundi Tanga ilikuwa miongoni mwa shule chache za sekondari nchini zilizofundisha masomo ya ufundi pamoja na masomo ya kawaida. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974 iliweka mfumo wa taifa wa mafunzo na majaribio ya ufundi, na mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa ajili ya watu wazima na vijana wa vijijini.

Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake VETA. Mamlaka hiyo ilirithi vyuo vya awali na kuanzisha vingine mikoani na wilayani.

## Mfumo wa sasa

### Ngazi

Ufundi stadi nchini Tanzania una ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya mtu anayeweza kufanya kazi za kawaida na zinazojirudia chini ya usimamizi. Ngazi ya pili ni ya mtu anayeweza kufanya kazi nyingi za fani yake kwa kujitegemea kiasi. Ngazi ya tatu ni ya fundi stadi kamili, ambaye anaweza pia kuwaongoza wengine. Kwa kawaida kila ngazi huchukua takriban mwaka mmoja, ingawa muda hutofautiana kulingana na fani. Juu ya ngazi hizo kuna elimu ya ufundi ya vyuo vya kati na vya juu, ambayo huandaa mafundi sanifu na wahandisi.

Zamani mafundi walipimwa kwa majaribio ya madaraja, yaani daraja la III, la II na la I, ambapo daraja la I lilikuwa la juu. Katika mfumo wa leo hesabu imegeuzwa: ngazi ya kwanza ndiyo ya chini. Jambo hili huwachanganya baadhi ya waajiri wanapolinganisha vyeti vya zamani na vya sasa.

Mitaala ya leo hufuata umahiri. Maana yake ni kwamba mwanafunzi hapimwi kwa muda aliokaa darasani bali kwa kazi anazoweza kuzifanya kwa kiwango kilichowekwa. Usimamizi wa ubora na utahini uko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

### Vyuo na njia za kuingia

Mkoa wa Tanga una chuo cha VETA cha mkoa katika jiji la Tanga. Wilaya ya Muheza ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Kiwanda. Jina hilo ni la mahali, wala halimaanishi kwamba chuo kiko ndani ya kiwanda. Kuna pia vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi vilivyosajiliwa.

Mtu aliyemaliza elimu ya msingi anaweza kuomba kujiunga na ngazi ya kwanza, na wahitimu wa kidato cha nne huomba pia. Kuanzia Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, baadhi ya shule za sekondari zilianza kufundisha mkondo wa amali, ambao unamwezesha mwanafunzi kusoma fani ya ufundi pamoja na masomo ya sekondari.

### Fedha

Sehemu ya fedha za mafunzo hutokana na tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri kulingana na jumla ya mishahara. Kiwango kimepunguzwa mara kadhaa: kilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013 na kikawa asilimia 3.5 Julai 2023. Tozo hulipwa na waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi, na sehemu tu ya mapato yake huenda kwenye ufundi stadi.

## Yanayofundishwa katika ngazi ya kwanza

Fani za uzalishaji viwandani zina majina mengi, kama ufundi mitambo, uchomeleaji na uungaji vyuma, umeme wa viwandani, ukerezaji na utengenezaji wa vipuri. Hata hivyo ngazi ya kwanza ya fani hizo ina mambo mengi yanayofanana.

* Usalama. Mwanafunzi hufundishwa kuvaa ovaroli iliyobana, viatu vigumu na miwani ya kinga, kufunga nywele, kuvua pete na saa, na kuzima mashine kabisa kabla ya kuifungua. Hujifunza pia mahali pa swichi ya dharura kabla ya kujifunza swichi ya kuwashia.
* Upimaji. Hutumia rula ya chuma, kipimapembe, kalipa na maikromita. Hapa hujifunza kwamba hakuna kipimo kisicho na kosa. Kinachotakiwa ni kujua kosa linaloruhusiwa ni kiasi gani.
* Michoro. Husoma mchoro wa kitu kimoja kinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni, na kutambua vipimo vilivyoandikwa.
* Kazi ya jiliwa. Kipande cha chuma hufungwa kwenye jiliwa, hukatwa kwa msumeno, hupigwa tupa, hutobolewa na kukatwa hesi. Zoezi la kawaida ni kutoa kipande cha mraba chenye pande zilizonyooka kwa tupa peke yake. Linachosha, lakini linafundisha mkono kuhisi tofauti ndogo.
* Mashine. Huanza na keekee ya kusimama na jiwe la kunolea la umeme, kisha mashine ya kukereza. Katika mashine ya kukereza kipande huzunguka na kisu hakizunguki. Katika keekee ni kinyume chake.
* Matengenezo. Hupaka grisi, hukaza mikanda, hubadilisha beringi, na kuandika kwenye daftari kazi iliyofanyika na tarehe yake.
* Mpangilio wa uzalishaji. Hujifunza jinsi malighafi inavyopita kutoka hatua moja hadi nyingine, na jinsi hatua moja inayochelewa inavyosimamisha zote.

Lugha ya karakana ni mchanganyiko. Maneno kama tupa, tindo, jiliwa, fuawe na keekee ni ya zamani katika Kiswahili, wakati beringi, shafti, gia, bolti na grisi yaliingia pamoja na mashine. Mwanafunzi anahitaji kujua yote, kwa kuwa fundi mzee, mwalimu wa chuo na kijitabu cha mashine wanaweza kukiita kitu kimoja kwa majina matatu.

## Mfano wa kiwanda cha mkonge

Katika mashamba ya Tanga kiwanda cha kuchakata mkonge huitwa *korona*, jina lililotokana na mashine ya Kijerumani ya Corona. Kiwanda hicho kinaonyesha kwa nini ujuzi wa ngazi ya kwanza una thamani.

Majani hukatwa, hufungwa mafungu na kuletwa kiwandani. Huwekwa kwenye mkanda unaoyabeba hadi kwenye ngoma zinazozunguka, zenye visu butu. Visu havikati, hupiga na kukwangua nyama ya jani ili singa zibaki. Nusu ya jani hukwanguliwa kwanza, kisha jani hushikwa upande wa pili na nusu iliyobaki hupita. Maji mengi hutumika kuosha. Singa hutoka zikiwa mbichi, huanikwa juani, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja kulingana na urefu, rangi na usafi, kisha hushindiliwa kuwa marobota. Robota la kawaida la Tanzania lina uzito wa kilo 250.

Singa ni sehemu ndogo sana ya jani, takriban asilimia 4 ya uzito wake. Tani moja ya majani hutoa kama kilo 40 tu za singa kavu. Yanayobaki ni maji na makapi. Kwa muda mrefu makapi yalimwagwa, ingawa yanaweza kutumika kama mbolea au kuzalisha bayogesi. Mtambo wa majaribio wa bayogesi ya makapi ya mkonge ulijengwa katika shamba la Hale, wilayani Korogwe, katika miaka ya 2000.

Jambo linaloamua ubora ni nafasi iliyopo kati ya visu vya ngoma na kitanda ambacho jani hupigwa juu yake. Nafasi ikiwa kubwa mno, nyama ya kijani hubaki kwenye singa, nazo huwa chafu na hushuka daraja. Ikiwa ndogo mno, singa hukatika na kutoka pamoja na makapi, au hubaki fupi na kuuzwa kwa bei ya chini. Singa ya daraja la kwanza inatakiwa kuwa na urefu wa kuanzia sentimita 90. Hivyo fundi anayerekebisha nafasi hiyo kwa usahihi anaokoa kazi ya wakataji, wabebaji na wakulima waliotangulia, na asiyejua anaiharibu yote katika zamu moja.

Mfano wa pili ni beringi. Beringi inapokaa kwenye shafti, inapaswa kubana. Shafti iliyolika ikipungua hata sehemu ya kumi ya milimita, pete ya ndani ya beringi inaweza kuteleza juu ya shafti, kupata moto na kufa haraka. Mtu asiyejua kupima atabadilisha beringi kila mara na kulaumu beringi. Aliyesoma kupima ataikagua shafti kwanza, kisha ataijaza kwa kuchomelea na kuikereza upya. Tofauti ya watu hao wawili si elimu kubwa: ni maikromita moja na mazoezi ya miezi michache.

## Usalama na umri wa kuanza

Mashamba madogo hutumia mashine ndogo ya kuchakata yenye ngoma moja, ambayo hulishwa kwa mkono. Mfanyakazi husukuma jani hadi katikati, hulivuta, huligeuza na kulisukuma tena. Ngoma ikilivuta jani kwa nguvu na vidole havijaachia, mkono unaweza kufuata. Ajali za namna hiyo zinajulikana katika nchi nyingi zinazolima mkonge. Hatua za kinga ni kuweka kizuizi mbele ya mdomo wa mashine, kutofunga jani kwenye kiganja, kutovaa nguo zinazoning'inia, kuwa na swichi ya kuzima inayofikiwa kwa mguu au kiwiko, na kupumzika mara kwa mara.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka kinga kwenye mashine na kuwafundisha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 na zaidi kufanya kazi nyepesi tu, nayo inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015.

Masharti hayo yana pengo moja katika maisha ya vijijini. Mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi akiwa na miaka 13 au 14, wakati kazi ya mashine inamsubiri hadi 18. Miaka hiyo minne au mitano ndiyo ambayo mafunzo ya awali yanafaa zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa chuo hujifunza mashine kwa hatua na chini ya uangalizi. Asipopata nafasi ya mafunzo, mara nyingi huingia kazini kimyakimya bila kufundishwa chochote.

## Kujifunza kazini na utambuzi wa ujuzi

Watu wengi wanaoweza kufungua injini au kuchomelea vyuma hawajawahi kusoma chuoni. Fundi wa aina hiyo anaweza kufanya kazi miaka 20 katika kiwanda kimoja na kuheshimiwa na wote. Kiwanda kikifungwa, anapokwenda kuomba kazi mahali pengine huulizwa cheti, na hana.

Ili kuziba pengo hilo, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao watu wengi huuita *urasimishaji wa ujuzi*. Fundi huomba, hueleza kazi anazozifanya, kisha hupimwa kwa vitendo na watahini wanaoijua fani hiyo. Pale anapopungukiwa hupewa mafunzo mafupi, mara nyingi kuhusu usalama, michoro na vipimo, ambavyo ndivyo mafundi wa mitaani hukosa zaidi. Akifaulu hupewa cheti cha ngazi inayolingana na uwezo wake. Hahitaji kuanza tena na vijana wa mwaka wa kwanza.

Serikali imeendesha pia programu za uanagenzi, ambamo mwanafunzi hutumia sehemu ya muda chuoni na sehemu kubwa kiwandani. Mpango huu unafanana na mfumo wa Ujerumani, ambako mwanagenzi huwa na mkataba na kampuni na huhudhuria shule ya ufundi siku kadhaa za wiki. Mafanikio yake hutegemea kuwapo kwa viwanda vilivyo tayari kupokea wanagenzi, jambo ambalo ni rahisi zaidi katika jiji la Tanga kuliko vijijini.

## Wanawake

Katika mashamba ya mkonge wanawake wamefanya kazi hasa za kuanika, kupiga brashi na kupanga singa. Kazi ya kupanga madaraja inahitaji jicho zuri na uzoefu, lakini kwa kawaida haihesabiwi kuwa ufundi kama kazi ya mashine. Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi wa jinsia zote, ingawa wasichana wengi huelekezwa kwenye ushonaji na mapishi. Mabweni, umbali wa chuo na mtazamo wa wazazi ni miongoni mwa mambo yanayoamua kama msichana wa kijijini atachagua kukereza vyuma au la.

## Changamoto

* Umbali na gharama. Kwa mkazi wa Kigombe, chuo cha mkoa kinamaanisha nauli ya kila siku au kodi ya chumba mjini. Hata ada ikiwa ndogo, chakula na malazi huweza kuzidi uwezo wa familia inayoishi kwa uvuvi au vibarua vya shamba.
* Vifaa. Mafunzo ya mashine yanahitaji chuma, umeme na zana zinazolika. Mashine moja ikitumiwa na wanafunzi wengi, kila mmoja hupata dakika chache za kuigusa.
* Mashine za zamani na mpya. Viwanda vya mkonge bado vina mitambo ya miongo mingi iliyopita, ilhali viwanda vipya vya saruji na vyakula vinaendeshwa kwa kompyuta. Mhitimu wa ngazi ya kwanza anaweza kupelekwa kwenye kimojawapo.
* Vipuri. Kipuri kinapokosekana, karakana ya karibu ndiyo inayokitengeneza. Hii ni nafasi ya kazi kwa vijana waliojifunza kukereza na kuchomelea, mradi waweze kupata mtaji wa zana.
* Ajira. Cheti hakileti kazi peke yake. Miradi mikubwa, kama bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga lenye urefu wa kilomita 1,443, huhitaji wachomeleaji wengi wakati wa ujenzi na wachache baada ya kukamilika.

## Katika nchi jirani

Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), ambayo husimamia uanagenzi na majaribio ya ufundi kwa fedha za tozo ya waajiri. Uganda, mbali na vyeti vya ngazi, hutoa kitabu maalumu kwa mfanyakazi aliyejifunza kwa vitendo, ambamo huandikwa kila kazi aliyothibitishwa kuiweza. Utaratibu huo unamsaidia mtu anayejua sehemu tu ya fani, kwa mfano aliyefanya kazi ya kufunga marobota peke yake, kuonyesha anachokijua bila kusubiri kumaliza ngazi nzima.

## Tazama pia

* Mkonge
* Kigombe
* Wilaya ya Muheza
* Mkoa wa Tanga
* Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi
* Uanagenzi
* Reli ya Usambara